Bwana Harusi Aliyeshindwa na Tufaha

Risasi ya tatu nayo ilikwenda zake. Tufaha lilibaki pale pale juu ya mlingoti, likining'inia kwa uzi wake mwekundu, na bwana harusi akashusha bunduki na kuikagua, eti bunduki ndiyo iliyokunywa tangu asubuhi.

— Upepo, akasema Strahinja.

Upepo gani? Julai ile hata jani la mahindi halikutikisika.

Kwetu, vijiji vya mji wa Čačak, bwana harusi habebi mke mpaka aangushe tufaha lililotundikwa nyumbani kwao bi harusi. Mzee Milisav, baba yake Dunja, bi harusi wetu, alikuwa ameufunga mlingoti juu ya ubao wa kikapu cha mpira, kile kikapu alichomtengenezea bintiye kwenye ukuta wa ghala alipokuwa na miaka saba. Halikuwa juu sana. Mzee hakutaka kumwaibisha mkwe wake, na mkwe mwenyewe ni katibu wa chama cha wawindaji, mtu wa kukuonyesha picha za nguruwe pori kabla hujaulizwa hali.

Mimi ni Borka. Miaka mitano nimecheza mpira wa kikapu na Dunja kule Hungaria, mimi nikigawa mipira na yeye akifunga. Siku hiyo nilikuwa msimamizi wake, cheo kikubwa ambacho kazi yake ni kubeba mkoba wa bi harusi na kuchunga simu yake isimpigie kelele.

Strahinja sikumpenda, na sioni sababu ya kuficha. Anauza vigae vya bafuni, na anaongea kana kwamba yeye ndiye aliyegundua bafu. Mpira wa kikapu wa wanawake aliuita "kurukaruka kwenu". Alikuja kwenye mechi zetu, akakaa safu ya mbele, akainamia simu yake mpaka filimbi ya mwisho, kisha akauliza nani ameshinda. Lakini nitasema na la haki: Dunja alipovunjika kidole aliendesha gari kwa saa sita kumletea supu ya mama yake, na siku hiyo hata mimi nilimwona mtu. Dunja alimpenda. Alimpenda kwelikweli, mpaka nikaacha kumsema mbele yake.

Machi ile klabu moja ya Salamanca ilimtaka Dunja kwa miaka miwili. Ndiyo nafasi aliyokuwa akiiota tangu kile kikapu cha ghalani. Wakala wake alikuwa amestaafu, kwa hiyo mambo yote yalipita kwenye simu yake mwenyewe. Alikubali kwa mdomo, akasubiri karatasi za kutia saini. Karatasi hazikuja. Aprili ikaisha, Mei ikaisha, na yeye ni mtu wa fahari, hakutaka kupiga simu kuomba. Alilia juu ya kochi letu, na Strahinja akamshika mkono.

— Wamekuona umezeeka, mpenzi, akamwambia, nami nikisikia kutoka jikoni. Waache. Mimi ndiye ninayekutaka.

Ndipo Dunja akakubali harusi iwe Julai, na mpira uishie hapo.

Sasa, wakati risasi ya nne ikienda kuwinda mawingu, simu mkobani ikatetemeka. Nikaisoma, nikidhani ni salamu za pongezi.

"Dunja, hongera kwa ndoa. Bado naumia kwamba umeacha mpira. Barua pepe yako ya tarehe 12 Aprili nimeisoma mara nyingi. Nafasi yako nimeiacha wazi mpaka Jumatatu, endapo utabadili mawazo. Kocha Pilar, Salamanca."

Nikasoma tena, nikaingia chumbani. Dunja alikuwa mbele ya kioo, shangazi yake akimfunga vifungo vya mgongoni. Nilimwomba shangazi akatulete maji, na mlango ulipofungwa nikampa simu.

— Barua gani? akauliza.

— Wewe ndiye wa kuniambia.

Hakuwa ameandika barua yoyote. Alimwomba Pilar amrudishie, na haikuchukua dakika mbili ikaingia. "Nimeamua kuacha mpira ili niwe mke. Tafadhali msinitafute tena." Chini yake jina la Dunja, na saa iliyotumwa: saa moja na dakika arobaini jioni.

— Tarehe 12 ilikuwa nusu fainali, akasema polepole.

— Ndiyo. Saa hiyo ulikuwa kwenye mstari wa mitupo huru. Ulipiga miwili, ukafunga yote.

— Na simu yangu nilimpa...

Kabla ya mechi Dunja huiacha simu kwa mtu anayemwamini, na mtu huyo alikuwa safu ya mbele, ameinamia simu. Miaka yote nilidhani anaangalia bei za vigae.

Alikaa kitandani na gauni lake lote, akalia. Si kwa sababu ya Salamanca. Alilia kwa sababu ya ule mkono aliokuwa ameshikwa pale kochini. Nami nililia, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Nje bunduki ikalia mara ya tano, na tarumbeta zikapiga kipande kifupi cha kumpa moyo bwana harusi.

Dunja akajifuta uso kwa shela.

— Twende, akasema.

Mama yake Strahinja, Bi Radojka, alituona mlangoni akatupa mikono juu.

— Rudi ndani, mwanangu! Bi harusi hatoki kabla tufaha halijaanguka.

— Mama, kwa huyu mpigaji nitazeekea ndani.

Watu wakacheka, Strahinja naye akacheka, maana alidhani ni utani. Dunja akampelekea simu mpaka puani.

— Hii uliandika wewe?

Alisoma. Nilimwona akitafuta uongo kichwani, akaukosa, akachagua ujeuri.

— Niliandika kile ulichoogopa kusema. Una miaka thelathini, Dunja. Goti limeshonwa mara mbili. Watu mia tatu uwanjani, nusu yao wamekuja kwa ajili ya joto. Hiyo ni kazi ya mtu mzima?

— Nilipolia ulinifuta machozi.

— Nilikuwa nakupenda.

— Ulinifuta machozi uliyoyaleta wewe. Ukaniambia nimezeeka, nikakuamini, nikakushukuru. Nilikushukuru, Strahinja.

— Haya tutayaongea nyumbani. Unaniaibisha mbele ya watu.

— Na risasi tano je?

Mzee Milisav alikuwa amesimama kando ya ghala na chupa ya rakija, ile pombe kali ya wageni. Aliiweka chupa chini, akaingia ghalani, akatoka na mpira wa zamani, akanirushia mimi.

Dunja akavua viatu, akafunga gauni fundo kwenye paja. Nilimpasia kifuani, kama nilivyompasia miaka mitano. Mpira wa kwanza ukagonga mlingoti, tufaha likayumba tu.

— Hata yeye hawezi, akasema rafiki mmoja wa bwana harusi, mwindaji mwingine.

Niliudaka, nikampasia tena. Safari hii Dunja hakuharakisha. Alikunja magoti, hata lile lililoshonwa, akarusha, na mpira ukalipiga tufaha katikati. Uzi ukakatika. Tufaha likadondoka kwenye sakafu ya saruji, likapasuka vipande viwili miguuni pa Bi Radojka.

— Baba, anayeangusha tufaha anafanya nini?

— Anamchukua bi harusi, mzee akajibu.

— Basi najichukua mwenyewe. Jumatatu nitakuwa Salamanca.

Strahinja aliondoka na bunduki begani na mama yake nyuma, Bi Radojka akituapiza kwa sauti. Wapiga tarumbeta wakauliza kama nao waondoke. Mzee Milisav akawaambia nguruwe ameshaiva na kabichi liko mezani, wapige. Wageni wa bwana harusi wengi walibaki kula, hawa nao hawana aibu. Dunja alicheza akilia, akala akilia, na magharibi akampigia Pilar.

Oktoba Strahinja alimwandikia. Dunja alinitumia ujumbe wenyewe nicheke: "Nimesikia umefunga pointi kumi na tisa. Nimekusamehe. Mlango wangu uko wazi."

Dunja alimjibu: "Baba ametundika tufaha jingine, pale pale. Yuko nyumbani kila siku. Njoo ujaribu."

Wiki iliyopita nilipita kwa mzee. Tufaha limenyauka, limekuwa dogo kama kokwa, lakini bado liko juu. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuja kulipiga.

— Walikuja kunguru, akasema.