Mikebe Chini ya Kitanda

"Janet, mikebe yangu iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Na usinitazame hivyo, Musembi! Baba ameshashuka steji ya Matsangoni."

Musembi aliitazama rafu tupu, mdomo wazi. Kwa miaka tisa fundi huyu wa friji alizunguka mabaa ya Kilifi hadi Malindi, na kila alipomaliza kazi aliomba mikebe ya bia ya zamani, masinia ya matangazo na vifungulio vya chupa. Wenzake walichuma wake, yeye akachuma mikebe.

"Lakini mimi sinywi, Janet."

"Mimi najua. Baba je? Alikunywa mpaka akauza minazi ya mama. Tangu aokoke neno lake ni moja: mlevi hamuoi mwanangu. Mpenzi, nakuomba, leo tu."

Janet alimpenda kupita kiasi, na roho ilikuwa juu juu.

"Hodi!"

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Mramba alikuwa ametoka Vitengeni alfajiri kuja kuona nyumba atakakoolewa bintiye. Musembi naye akaamkia, akavuta kiti. Mzee hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akapitisha kidole.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Vitabu, baba," Janet akadakia.

"Vitabu vya duara?"

Kweli, Janet alisahau kufuta vumbi. Rafu nzima ilijaa alama za mviringo, safu kwa safu. Simu ikamtetemekea mkononi. Ulikuwa ujumbe wa Musembi, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake: "Siwezi kumdanganya babako. Nisamehe."

Kabla hajamzuia, jamaa akafungua kinywa.

"Mzee, ni mikebe ya bia ya zamani. Ninayo mia mbili na kumi, lakini sinywi."

Janet akafumba macho. Ndoa yake imekwisha hapo hapo.

"Ilete niione."

Magunia yakavutwa kutoka chini ya kitanda. Musembi akaweka mezani mkebe mmoja wa bati, kifuniko chake kizima.

"Huo haujafunguliwa!" mzee akafoka. "Hunywi, na bia unaificha kitandani?"

"Ugeuze, mzee."

Mramba akaunyanyua. Ulikuwa mwepesi, na chini una vitundu viwili vidogo.

"Sisi wakusanyaji tunatoboa chini ili juu pabaki pazima. Bia niliimwaga nje, mchangani."

"Yote?"

"Yote. Sijawahi kuionja."

Mzee akautikisa mkebe sikioni. Mabega yakaanza kumtikisika, Janet akadhani analia. Kumbe anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Jamani! Miaka ishirini mimi nilikunywa bia nikatupa mkebe. Huyu kamwaga bia, katunza mkebe!"

"Kwa hiyo, baba, umekubali?" Janet akauliza.

"Nani kakataa? Ila wewe, siku nyingine ukificha kitu, futa vumbi."

Janet akacheka huku akilia, akaanza kuirudisha mikebe rafuni, kila mmoja kwenye duara lake.

"Na mkija kwa posa," mzee akamwambia Musembi, "wazee watataka kadzama, kile kibuyu cha pombe ya mnazi. Usikisahau."

"Lakini wewe umeacha pombe, baba," Janet akasema.

"Wao wapelekee kilichojaa. Changu nataka kitupu. Nami naanza kukusanya."