Miaka Aliyoificha Thadeo

Kila asubuhi Pelagia aliponda kokoto kando ya barabara ya Makoko, mjini Musoma. Alikuwa bibi wa miaka hamsini na minane. Mumewe, Thadeo, alikaa kivulini akimpa habari za bei. Unga umepanda. Sukari imepanda. Sabuni usiulize.

Thadeo hakuwa mvivu. Miaka ishirini na mitano alibeba marobota katika kiwanda cha pamba, mpaka mgongo ukakataa. Kila mwezi mshahara wake ulikatwa kwa ajili ya akiba ya uzeeni. Aliacha kazi mwaka 1990, na akiba yenyewe hakuiona.

"Mzee, nenda tena ofisini," Pelagia alimwambia.

"Wanasemaga sijafika umri."

"Wewe? Na mvi zote hizo?"

 Thadeo aliijua sababu. Siku ya kuajiriwa, mwaka 1965, nyapara alitaka vijana wasiozidi miaka thelathini. Thadeo alikuwa na thelathini na minne. Akasema ana ishirini na sita, na kadi ya akiba ikaandikwa hivyo. Sasa aliogopa kusema ukweli. Aliogopa jela. Zaidi, tuseme wazi, aliogopa aibu.

Basi akanyamaza miaka miwili, mkewe akaendelea kuponda mawe.

Siku moja kipande cha jiwe kiliruka, kikampiga Pelagia jicho la kulia. Hospitalini walilisafisha, wakalifunga bandeji. Jicho halikupona.

Jirani yao Jenoveva, karani wa parokia, alikuja kumwona mgonjwa. Hapo ndipo Thadeo alipolia na kueleza yote.

"Baba Wambura, ni hilo tu?" Jenoveva alimwuliza Thadeo kwa hasira. "Wazee wengi walijipunguza miaka. Ulibatizwa wapi?"

"Hapahapa, nikiwa mtoto mchanga."

"Basi kitabu cha ubatizo kina mwaka wako. Nitakuandikia cheti. Ukipeleke kwa hakimu, ule kiapo, useme tarehe yako ya kweli. Kisha upate barua ya ofisi ya kata. Hizo zote, pamoja na kadi ya akiba, uzipeleke mwenyewe ofisi ya mfuko wa akiba. Ubaki na nakala. Na wale wa pale mlangoni, wanaokuambiaga watakuharakishia, usiwape kadi yako."

"Sitafungwa?"

"Aliyefungwa simjui. Aliyeumia namwona pale kitandani."

Thadeo alikwenda. Hakimu hakumfokea. Aliandika, akagonga mhuri, akamwita mwingine. Miaka miwili ya hofu iliishia hapo, kabla ya saa nne asubuhi.

Baada ya miezi minne akalipwa. Bei hazikuwa zimemsubiri, kwa hiyo hela zilinunua kidogo kuliko alivyotarajia. Hata hivyo walipata magunia ya mahindi, wakaziba paa, na Pelagia akaacha kokoto.

Rafaeli, aliyebeba marobota pamoja na Thadeo, alikuja kuwapongeza. Akalalamika kwamba yeye pia anarudishwa, eti hajafika umri.

"Shemeji," Pelagia alimwuliza, "wewe ulijipunguza miaka mingapi?"

Rafaeli akatazama chini.

"Nenda parokiani leo," Pelagia akasema. "Mkeo bado ana macho mawili."