Jina la Wade Kwenye Fomu

Siku ya kurusha roketi, mji wa Titusville, Florida, hufurika wageni, na foleni ya sandwichi katika duka kubwa hufika hadi kwenye friji za maziwa. Hapo ndipo Corinne, mkaguzi wa shirika la anga la serikali, kitambulisho cha kazi kikiwa shingoni, alipokanyagwa mguu na kijana mrefu aliyevaa fulana nyeusi ya kampuni binafsi ya roketi.

"Samahani, dada. Ila ninyi wa serikali nanyi hamsogei."

"Na ninyi wa kampuni hamwangalii. Mnalipua kwanza, maelekezo mnasoma baadaye."

Kijana huyo, Wade, alicheka mpaka akaangusha mfuko wa barafu. Wiki ya tatu walikuwa wapenzi, na kila akipiga simu alianza, "Serikali yangu haijambo?"

Jioni moja, wakimenya kamba wa kuchemsha kitandani, Wade alinung'unika kwamba vali moja ya kuzuia oksijeni kwenye roketi yao ilikuwa inachelewa kujifunga. Mabosi walisema inatosha. Wanaanga wanne walikuwa wapande roketi hiyo wiki ile.

Asubuhi Corinne alijaza fomu ya kasoro. Kwenye shirika lake, aliyegundua kasoro huandikwa jina, akapigiwa makofi mbele ya wenzake. Basi akaliandika jina la Wade kwa herufi kubwa, tena kwa fahari. Hakumuuliza.

Roketi ilizuiwa, vali ikabadilishwa. Wade akafukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana.

Simu kumi na moja za Corinne hakuzipokea. Ya kumi na mbili akapokea.

"Mpenzi, ulitaka ninyamaze watu wafe?"

"Nani kasema unyamaze? Kasoro ungeandika. Jina la nini?"

"Kwetu jina ni heshima, Wade."

"Kwetu ndiyo barua ya kufukuzwa. Ungeniuliza tu. Nilikuwa nimelala pembeni yako."

Jumamosi Corinne alimkuta Wade akipakia mizigo garini, anahamia jimbo la Alabama kwa kaka yake kutengeneza injini za boti. Corinne alikuwa amevaa gauni la buluu ambalo Wade hulipenda.

"Bado unanipenda?"

"Sana. Hilo halijabadilika." Akafunga buti la gari taratibu. "Ila siku hizi nikitaka kukuambia kitu, nachagua maneno kwanza. Siwezi kuishi hivyo na mke nitakayemuoa."

Wanaanga wanne wako juu sasa, wazima. Corinne huwaona kwenye skrini za kazini wakielea na kutaniana, naye hufurahi kwa moyo wote, halafu hujuta. Fomu angeijaza tena leo hii. Nafasi ya jina angeiacha wazi.