Nzuri ya Mara Tatu

Kila siku alipotoka shule, Wening alipitia jikoni kwa mama yake, akachukua birika la chai na mihogo ya kukaanga iliyofungwa katika jani la mgomba, akavipeleka kiwandani kwa baba. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mianzi, jeusi kwa masizi, lenye joto la kumfanya paka ahame. Humo wanaume sita walifua patu, zile sahani kubwa za shaba zenye kitovu katikati, ambazo huning'inizwa kwenye mbao na kupigwa taratibu kwa rungu la kitambaa. Kijiji chetu cha Kedungsari hakijui kazi nyingine ya maana. Wanaojua nyingine huhamia mjini Solo wakauze viatu.

Baba yake, Mzee Sadiman, ndiye aliyekuwa sikio la kiwanda. Upatu ukishapoa, wenzake walimwita, akaupiga mara moja tu, halafu akanyamaza.

"Wening, umesikia nini?" alimuuliza siku moja.

"Nimesikia kishindo, Baba."

"Kishindo hata sufuria likianguka linacho. Sikiliza mkia."

Mkia ni ile sauti inayobaki upatu ukishapigwa. Katika upatu mzuri, mkia huenda na kurudi polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala, mpaka unakwisha wenyewe. Ukitetemeka au kukatika, upatu huo hurudishwa motoni ukayeyushwa upya. Hakuna anayegombezwa wala anayeona haya. Shaba ni ile ile, na kesho ni siku nyingine.

Mwaka Wening alipotimiza miaka kumi na mitatu, daktari alimwambia Mzee Sadiman kwamba kifua chake kimekula moshi wa makaa kwa miaka arobaini, na sasa kimeshiba. Akaachishwa kazi. Alikaa barazani asubuhi hadi jioni, akiwaangalia kuku. Furaha yake ilibaki moja, kanda ya kaseti aliyoipiga kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri.

Ndani ya kanda hiyo mlikuwa na muziki wa zamani, na ndani ya muziki huo ulilia upatu mkuu uliofuliwa na baba yake, babu yake Wening. Upatu wenyewe ulishauzwa ng'ambo kabla Wening hajazaliwa, na babu alishafariki. Sauti ya kazi ya mikono yake ilibaki kwenye kanda hiyo moja tu, na redio ya kuipigia ilikuwa kuukuu, mlango wake umefungwa kwa mpira wa kufungia vitafunio.

Kaka yake Wening, Prihanto, alikuwa na miaka ishirini na alichonga viti katika karakana moja ya mjini. Alidunduliza akiba mwaka mzima. Wening naye aliongeza pesa alizopata kwa kuuza karanga shuleni. Walikubaliana kumnunulia baba seti ndogo ya muziki, yenye spika mbili na mahali pa kaseti, ili asikilize kanda yake bila tabu.

Jumapili asubuhi walikwenda Solo, katika duka la mzee mmoja Mchina ambaye mji mzima ulimwita Ko Hok. Kabla ya kutoka, Wening aliitia ile kanda katika mkoba wake.

Ko Hok alikuwa na desturi yake. Hakuuza kitu kabla hakijawashwa mbele ya mnunuzi.

"Jaribuni, wanangu, jaribuni!" alisema. "Humu hatuuzi paka ndani ya gunia. Ninawapa siku saba. Mkijuta, rudini nayo na karatasi yake ya malipo, mbadilishe."

Prihanto hakusikia hata nusu ya maneno hayo. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye seti moja ya rangi ya fedha iliyowekwa mbele kabisa. Spika zake zilizungukwa na taa nyekundu na buluu zilizocheza kila muziki ulipodunda. Ko Hok alipoiwasha, vioo vya kabati vilitikisika.

"Lo! Hii ndiyo yenyewe!" Prihanto alisema. "Umeona taa hizo, Wening? Kijiji kizima kitahamia kwetu."

"Nimekuja na kanda ya Baba," Wening alisema. "Tuijaribu kwanza."

"We! Utoe kanda ya wazee hapa, mbele ya wasichana wale wanaochagua redio? Unataka watucheke? Spika inayotikisa kioo itashindwa na kanda?"

Wening alitazama zile taa. Tuseme ukweli, na yeye zilimvutia. Alikuwa ameshawaahidi rafiki zake kwamba watakuja kwao kucheza. Akaacha kanda ikae mkobani, na maneno yakakaa mdomoni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ko Hok alifunga boksi huku akiwatazama kwa pembe ya jicho. "Huyo baba yenu ni mcheza disko?" aliuliza.

"Atajifunza," Prihanto akajibu, na wote wakacheka.

Mzee Sadiman alipofunguliwa boksi alisimama, akazunguka seti mara moja na kuigusa kwa kidole.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Jamani, nzuri."

Prihanto alijaa furaha. Mama aliangalia pembeni akaenda kuchochea moto. Kwetu kila mtu mzima anajua jambo hili, ila vijana husahau wakipenda. Mtu akikipenda kitu kweli, hukisema vibaya. Atauliza kwa nini ghali, atasema kimepinda, atalalamika kwamba kitajaa vumbi. Asipokipenda hasemi kitu ila nzuri, na akisema nzuri mara tatu, basi huzuni yake ni kubwa. Zawadi haikataliwi usoni, ni utovu wa adabu.

Siku nne zilizofuata nyumba iligeuka ukumbi. Watoto wa jirani walikuja, wakacheza, wakavunja chungu kimoja. Mzee Sadiman aliwapisha, akahamia nyuma ya nyumba. Wageni walipoondoka aliifunika seti kwa kitambaa cha maua ili isiingie vumbi, na hakuifunua mwenyewe.

Ijumaa walimu walikuwa na kikao, Wening akarudi mapema. Alipofika mlangoni alisikia muziki wa kanda. Baba yake alikuwa amechuchumaa mbele ya seti mpya. Ulipofika wakati wa upatu wa babu, ilitoka sauti nene, *buu!*, kama pipa lililopigwa teke, ikafunika ala nyingine zote, kisha ikakatika. Mkia haukuwapo. Mzee Sadiman alizungusha kitufe hiki, akazungusha kile, akarudisha kanda nyuma. *Buu!* Akajaribu mara ya tatu. Halafu aliizima, akaifunika na kitambaa chake, akaenda kuchukua redio yake kuukuu.

Redio hiyo nayo ilipiga kidogo, ikakwaruza, ikanyamaza. Mzee alipofungua mlango wake, utepe wa kanda ulitoka umejisokota kama tambi.

Alikaa kitako sakafuni. Wening aliingia bila kusema neno, akatoa penseli kwenye mkoba, na wawili hao wakaanza kuurudisha utepe taratibu, upana wa kidole kwa upana wa kidole. Haukukatika. Ila ulikunjamana, na wote wawili walijua kwamba redio ile ikiutafuna tena, basi babu hatasikika milele.

"Kwa nini hukuipiga kwenye mpya, Baba?"

"Ile ni nzuri, mwanangu. Sitaki kuichosha."

"Baba, nimesikia. Nilikuwa mlangoni." Wening alinyoosha kipande cha utepe. "Siku ile ulisema nzuri mara tatu. Nilihesabu, nikajifanya sijahesabu."

Mzee Sadiman aliendelea kuzungusha penseli.

"Na kanda nilikuwa nayo mkobani. Ko Hok alituambia tujaribu, mimi nikanyamaza. Niliipenda kwa sababu ya taa. Tulijinunulia wenyewe, Baba, tukaandika jina lako." Machozi yalimtoka. Aliona aibu kuliko alivyopata kuona maishani mwake.

Prihanto aliporudi kutoka kazini na kusikia kwamba Wening anataka seti irudishwe, alikasirika.

"Zawadi inarudishwa dukani? Tangu lini? Watu watatuonaje?"

"Mwenzio anasema kweli," Mama alisema kutoka jikoni. "Wewe ndani ya siku nne umeipiga mara ngapi? Na baba yako je?"

Prihanto alitazama kitambaa cha maua juu ya seti.

"Basi, yaishe," Mzee Sadiman alisema. "Mimi nimeridhika. Sitaki kumsumbua muuzaji wa watu."

"Baba," Wening alisema, "upatu ukiwa na mkia mbovu mnaufanyaje?"

"Tunaurudisha motoni."

"Mnamwonea haya nani?"

Mzee alicheka hadi akakohoa, na mama akaja mbio na maji.

Jumamosi, siku ya sita, Mzee na wanawe wawili walikwenda Solo, seti ikiwa ndani ya boksi lake na karatasi yake juu. Ko Hok aliwaona wanaingia, akatabasamu.

"Mcheza disko amefika!"

Mzee Sadiman alitoa kanda mfukoni na kuomba, kwa upole na kwa maneno mengi ya kuomba radhi, kama anaweza kusikiliza kidogo. Ko Hok alizima redio zote za duka. Hata wanunuzi walinyamaza, wakadhani kuna msiba.

Seti ya kwanza ilitoa kishindo kizuri. Mzee alisubiri, akatikisa kichwa. Ya pili mkia wake ulitetemeka. Prihanto sasa alikuwa anasikiliza kwa uso uliokunjamana, na kwenye seti ya tatu alisema mwenyewe, polepole, "Hapana. Inakatika." Baba yake alimgeukia kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Ya nne ilikuwa kwenye rafu ya chini, imejaa vumbi, ya rangi ya kahawia, spika zake masanduku mawili ya mbao. Haikuwa na taa hata moja. Ko Hok alisema hakuna aliyeiulizia tangu mwaka jana. Kanda ikawekwa. Upatu wa babu ukalia, sauti ikatoka chini kabisa, ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Hakuna aliyesogeza mguu mpaka ilipokwisha.

Mzee Sadiman alifuta uso kwa kiganja. Kisha akainama, akaichunguza seti kwa macho makali.

"Kitufe hiki kimelegea," alisema. "Rangi yake ya matope. Tena vumbi lote hili, nani atafuta? Na bei hiyo kwa masanduku mawili ya mbao, Ko Hok, huoni haya?"

Wening alimkanyaga kaka yake mguu, na Prihanto akageuza uso ukutani ili asionekane anacheka.

"Funga, Ko Hok," Prihanto alisema. "Tunachukua hii."

Siku hiyo jioni majirani hawakuja kucheza, walikuja kusikiliza. Walipoondoka, Mzee Sadiman aliwaita watoto wake wawili barazani.

"Wanangu, zawadi haichaguliwi kwa sikio la mtoaji, huchaguliwa kwa sikio la mpokeaji," alisema. "Anayetaka kumpa mtu kitu na amtazame mtu kwanza, si kitu. Hilo ni kosa lenu, na Wening amelilipa kwa kusema kweli, jambo ambalo ni gumu kuliko kufua shaba. Lakini na mimi nina langu. Ile nzuri yangu ilikuwa uongo uliovaa kanzu. Kama Wening angenyamaza kama nilivyonyamaza mimi, siku ya nane ingefika, na babu yenu tungemzika mara ya pili. Kosa likisemwa mapema hurudi motoni likawa kitu kingine. Likifichwa, linapoa hivyo hivyo."

Kisha akamsukuma Prihanto kwa kiwiko.

"Na kile kitufe kimelegea kweli. Wewe si fundi? Kesho ukikaze."

"Nitakikaza, Baba," Prihanto alisema.

Mzee aliirudisha kanda nyuma. Hakuifunika seti ile kwa kitambaa, wala siku hiyo wala siku nyingine.