Mkanda Usio na Kifuniko

Kila mchana Ng'washi alipotoka shuleni, alimpelekea mama yake uji kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi. Kilikuwa kiwanda cha mtu binafsi, kilichofunguliwa baada ya serikali kuwaruhusu wafanyabiashara kununua pamba sawa na vyama vya ushirika. Vibarua walichaguliwa asubuhi getini. Msimamizi alinyoosha kidole tu: wewe, na wewe. Asiyenyooshewa alirudi nyumbani.

Siku moja mama yake, Milembe, alitoka na kitambaa kilicholowa damu mkononi. Kifuniko cha mkanda wa mashine kilikuwa kimeondolewa, na mkanda ulikuwa umemchuna vidole.

"Ukiulizwa, sema nimejikata nikimenya viazi," alisema.

"Kwa nini, mayu?" Ng'washi alimuuliza mama yake kwa Kisukuma chao.

"Wakisikia nalalamika, sitachaguliwa tena. Tutakula nini?"

Jioni alikuja jirani yao Felisita, kibarua wa kushona magunia palepale kiwandani. Alimkuta Ng'washi peke yake uani.

"Mama yako amepatwa na nini?"

"Amejikata akimenya viazi, mama mdogo."

"Masikini. Nimepangiwa mashine yake mpaka apone."

Moyo wa Ng'washi ulishtuka. Alifungua mdomo, kisha akaufumba.

Kesho yake mkanda ule ulimvuta Felisita mkono. Hospitalini mkono ukakatwa chini ya kiwiko.

Msimamizi alifika wodini, akawakuta Milembe na Ng'washi kando ya kitanda, akasema Felisita hakuwa makini. Felisita aliitikia kwa kichwa. "Ni uzembe wangu, bosi."

Msimamizi alipoondoka, Ng'washi hakuweza kuvumilia tena. "Havikuwa viazi, mama mdogo. Mayu alikatwa na mkanda uleule."

Felisita alimgeukia Milembe. "Ulijua?"

Milembe alikaa sakafuni, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi iliyofuata alisimama getini, akafungua kitambaa na kueleza yote. Watu walitazama chini. Hatimaye mzee Masunga, kibarua wa siku nyingi, alikunja mkono wa shati, akaonyesha kovu refu. "Na mimi nilinyamaza," alisema. Mwingine akaonyesha lake. Siku hiyo hakuna aliyeingia kazini mpaka fundi aliporudisha kifuniko.

Kuanzia kesho yake, kidole cha msimamizi kilimruka Milembe. Hakuchaguliwa tena msimu wote, na nyumbani wakawa wanalala kwa uji mwepesi.

Felisita aliporuhusiwa kutoka hospitali, Ng'washi alikwenda kumsaidia kazi. Alimkuta akihangaika kufunga khanga kwa mkono mmoja.

"Mama mdogo, kifuniko kimerudishwa."

"Nimesikia. Mkono wangu haujarudi."

Ng'washi aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Sikiliza, mwanangu," Felisita alisema taratibu. "Mliogopa njaa, na njaa inaogopesha kweli. Hata mimi kitandani pale nilijisingizia uzembe kwa woga huohuo. Lakini jeraha likifichwa, humngoja mwenzako. Ukiumia, sema. Ukiona hatari, sema, hata kama sauti inatetemeka. Sasa nishikie ncha hii, nifunge."