Mafuta ya Korosho kwenye Gitaa

Mwanahamisi alikwishapanda bodaboda, begi mapajani, mumewe Hashimu alipotoka nje. Vidole vya Hashimu vya mkono wa kushoto vimetutumka malengelenge.

— Zima kwanza, ndugu yangu, akamwambia dereva. Halafu akamgeukia mkewe. — Safari ya wapi?

— Kitaya, kwa mama. Ulisema niondoke, naondoka.

Hakuna aliyepaza sauti. Walikwishachoka. Juzi Hashimu alilichukua gitaa lake la umeme kwenda kupiga harusini Mikindani, akakuta shingo nyeusi, inanata, na kabla ya wimbo wa pili vidole vinawaka moto. Akarudi akamwambia mkewe aondoke, kamwekea sumu kwa wivu, kisa Witness, mwimbaji wa bendi, aliyemtumia ujumbe: "Bila wewe siimbi."

— Nijibu moja tu. Ulipaka nini?

— Mafuta ya maganda ya korosho.

— Yale ya milango?

— Ya milango, ya boriti, ya kitanda cha marehemu baba. Niliona unga wa mbao chini ya gitaa. Nikajua wadudu wameingia. Nikasema likiliwa hili, huyu mwanamume ataugua.

— Mwana, gitaa halipakwi yale, yanachoma ngozi. Ukimaliza kupiga unafuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, chumvi ya upepo wa bahari isizile. Shingo, tone la mafuta laini, mara mojamoja. Basi.

— Ulinionyesha lini? Miaka yote unalifuta umenipa mgongo.

Hashimu akasogea karibu na bodaboda. Akanyoosha mkono ampokee begi, na hapo akaviona viganja vya mkewe. Ngozi imebambuka. Siku zote hizo alikuwa akimpikia, naye hakutazama.

— Si mnapaka kwa brashi?

— Brashi haipiti katikati ya vile vichuma vya shingoni. Nilipaka kwa vidole.

— Na hukusema.

— Ulikuwa unasema wewe. Na Witness?

— Witness anaimba, mimi napiga. Hakuna lingine. Nisamehe, mke wangu.

— Nimekusikia. Lakini kwa mama nakwenda.

Akaenda, akakaa mpaka viganja vikapona. Hashimu alimfuata, akala ugali wa muhogo kwa mkwewe siku kadhaa, wakarudi wote. Witness aliolewa Masasi. Bendi ikavunjika. Fundi samani aliipiga msasa shingo ya gitaa, rangi haikurudi, wadudu nao hawakurudi. Liko ukutani nyumbani kwao Chikongola, na hulifuta yeyote kati yao aliyekaa karibu nalo.