Ndiyo ya Kichwa

Ralitsa alikutana na Yavor sokoni, Sofia, siku mbwa wake alipomnyang'anya banitsa, andazi la jibini, mkononi.

"Mama wee! Ndicho kifungua kinywa changu hicho!" akalalama kijana huyo mrefu mwenye skafu nyekundu.

"Pole jamani. Nikununulie nyingine?"

Yavor akainamisha kichwa. Ralitsa akageuka aende zake, maana kwa Wabulgaria kuinamisha kichwa ni kukataa. Anayekubali hukitikisa huku na huku.

"Yaani unaniacha na njaa?"

"Si umekataa!"

"Nimekubali! Miaka ya kuishi Vienna imeniharibu kichwa, dada yangu; kule kuinamisha ni ndiyo."

Ralitsa akacheka hadi akashika mbavu. Kazi yake ni kufunza mbwa, akaapa huyu naye atafunzika. Mapenzi yalipokolea, kila Yavor akitikisa kichwa kwa ndiyo, anapata busu, akikosea, ananyimwa.

"Kwani mimi mbwa wako?"

"Mbwa wangu anashika upesi zaidi, mpenzi."

Cheri zilipoiva, Yavor alikuwa hakosei tena. Jioni moja akapiga goti kituoni pa tramu.

"Rali wangu, nikuoe?"

Kwa kumpenda, Ralitsa akaona ajibu kwa namna aliyokuja nayo Yavor kutoka Vienna. Akainamisha kichwa, taratibu.

Uso wa Yavor ukamshuka. "Asante kwa kunieleza ukweli," akasema, akapanda tramu. Baba yake alimfunza kwa mkanda tangu utotoni: ukinyimwa, usiombe tena.

Ralitsa akabaki kituoni. Kisha akajipiga paji la uso. Ole wangu, si nimemfunza mwenyewe! Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena.

"Niko kituo cha mabasi," Yavor akasema hatimaye. "Narudi Vienna."

"Mjinga wewe, nilikubali!"

"Uliinamisha kichwa."

"Ile ilikuwa ndiyo ya Vienna, kwa ajili yako! Hebu niulize tena."

"Kwetu hatuulizi mara mbili."

"Najua, kipenzi changu. Uliza hivyo hivyo."

Honi ya basi ikalia.

"Rali... nikuoe?"

Ralitsa akatikisa kichwa kwa nguvu zote, machozi yakimruka, ndipo akakumbuka simu haina macho.

"Ndiyo!" akapiga kelele, kituo kizima cha tramu kikageuka. "Ndiyo, ndiyo, kwa mdomo wangu! Sasa njoo uchukue busu lako."